Fien Habets, Aliyetaka Mtaa Mzima Uwepo

Wasikilizaji wapendwa, hapa ni Heerlen, Uholanzi, na leo sauti yangu mnivumilie. Tunamkumbuka Fien Habets. Fien Habets, binti wa mzee Sjir, yule mchimba makaa mstaafu. Amefariki akiwa na miaka thelathini na minane. Amefariki siku kumi na moja kabla ya kutetea tasnifu yake ya uzamivu katika sheria za Umoja wa Ulaya. Siku kumi na moja tu, jamani!

Fien alikuwa karani wa ofisi ya mwanasheria. Kazi yake ilikuwa nzuri, hakuwa na haja ya kurudi darasani. Kilichomrudisha ni mapafu ya baba yake. Migodi yetu ilipofungwa, mzee Sjir alivuka mpaka, akachimba Ujerumani miaka tisa. Kifua kikaharibika. Alipodai fidia ya ugonjwa wa mgodini, ofisi ya huku ikamwambia, vumbi hilo ulilivuta kule. Ofisi ya kule ikamwambia, ulilivuta huku.

Fien akasema, "Baba, mapafu unayo mawili, lakini hayakugawana nchi."

Akarudi chuoni. Uzamili, miaka miwili. Kisha uzamivu, miaka sita. Miaka minane yote anasoma huku anakunywa supu ya njegere akiwa wima jikoni. Alipita nyumba kumi na nne za mtaa wetu, kwa wazee waliochimba pande zote mbili na kwa wajane wao. Wakamkabidhi barua za kunyimwa fidia walizokuwa wameficha kwenye mikebe ya biskuti. Hawakuwahi kumwonyesha mtu mwingine barua zile.

Sitawadanganya kwamba marehemu alikuwa malaika. Alikuwa mbishi! Ukimwambia mvua inanyesha, anakuuliza kwa kifungu gani.

Januari wakamwambia ana saratani ya kongosho. Utetezi ulikuwa umepangwa Ijumaa, tarehe kumi na tano Mei. Mwezi Aprili profesa wake akaja hospitalini, kofia mkononi. "Tunaweza kulileta jopo hapa hapa, wiki ijayo," akasema. "Ila chumba ni kidogo. Watu sita, basi."

Fien akakataa.

"Wale wazee wamenipa barua zao," akasema. "Leo niwafungie mlango? Nitangoja tarehe yangu, ukumbini, na mtaa mzima uwepo."

Netta, mdogo wake, ndiye aliyekuwa asimame ubavuni mwake siku hiyo, kama desturi ya chuo inavyotaka. Netta akaangua kilio cha hasira. "Dada, wewe kitabu kizima umeandika kwamba sheria zilegezwe kwa watu ambao hazikuwafikiria. Sasa zimelegezwa kwako, unakataa! Una kichwa kigumu wewe!"

Fien akacheka tu.

Netta ananiambia kwamba hapo wote walimgeukia mzee Sjir. Neno la baba ndilo pekee Fien alilokuwa akilisikia. Mzee akavuta pumzi kwenye mtungi wake wa oksijeni. Akasema, "Mwacheni. Anajua anachofanya."

Fien alifariki Jumatatu, tarehe nne Mei. Utetezi ulikuwa tarehe kumi na tano. Na chuo hakimpi mtu shahada ya uzamivu bila kumsikia akijibu maswali. Ndivyo kanuni ilivyo, na sina wa kumlaumu.

Ijumaa ile mzee Sjir akavaa suti. Netta akamwambia, "Baba, hakuna utetezi leo."

"Najua. Nipeleke."

Nami nikafuatana nao. Tulipofika ukumbini, wazee wetu walikuwa wameshaketi, na wajane pia. Hakuna aliyewaita. Mshika fimbo wa chuo, ambaye kazi yake ni kuingiza watahiniwa na kutangaza kwamba muda umekwisha, hakuwa na moyo wa kututoa.

Mzee Sjir akasimama. Akaielekea ile meza ya mtahiniwa, ambayo haikuwa na mtu. Akasema, "Fien, mwanangu. Nina swali moja. Ningekwambia ukubali pale hospitalini, ungekubali?"

Tukangoja. Wasikilizaji wapendwa, tulingoja kweli, kama watu waliopungukiwa akili. Kisha Netta akamshika mkono, akamketisha.

Mzee Sjir, pole. Netta, pole sana. Nyumba zote kumi na nne, poleni. Faraja sina, ningekuwa nayo ningewapa.

Na wewe unayenisikiliza: pengine nyumbani kwako yupo mbishi wa namna hii, na neno lako ndilo analolisikia. Usimwonee haya. Mbembeleze leo akubali, hata kwa machozi. Akikukasirikia, shukuru Mungu: bado yupo wa kukukasirikia.