Chuma Hakikukosea

Kila asubuhi kabla ya chai, marehemu alifunga funguo za nyumba kwenye uzi, akautundika uzi kwenye msumari juu ya mlango, akasimama kisogo kikigusa kabati. Alizivuta funguo mpaka zikamgusa ncha ya pua, kisha akaziachia. Zilikwenda hadi upande wa meza, zikarudi, zikaishia upana wa ukucha mbele ya uso wake. Hakupepesa jicho. Alisema, "Bado iko," akimaanisha kanuni, ndipo akakaa kunywa chai. Mkewe alishazoea. Wageni waliolala walidhani mzee ana dua zake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa pili wa dereva wa lori na mama aliyefua nguo za watu. Alipokuwa na miaka sita alitumwa maji, akasimama ghafla mlangoni, na nusu ya ndoo ikamwagikia mashuka ya watu yaliyokwisha kupigwa pasi. Alipoulizwa, alijibu, "Mimi nilisimama, mama. Maji hayakuambiwa." Alichapwa kwa jibu, si kwa maji. Lakini tangu siku hiyo hakuacha kujiuliza kwa nini kitu kinachokwenda kinataka kuendelea kwenda.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya gereji, akaenda sekondari ya bweni mwaka 1973, halafu chuo cha ualimu, akahitimu fizikia na hesabu mwaka 1981. Vyeti vyake vimetundikwa sebuleni. Atakayekuja kutoa pole atavisoma mwenyewe.

Januari 1982 alianza kufundisha katika shule ya sekondari ambayo shada lake la maua liko hapa mbele. Alifundisha kani, mwendo na nishati katika chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, kwa vifaa alivyotengeneza mwenyewe: ubao wa mteremko, kigari cha mbao chenye magurudumu ya kiti cha ofisini, na chuma. Chuma hicho kilikuwa kipande cha breki ya lori la baba yake, kizito kama mtoto wa miaka mitatu, kikining'inia kwa waya kutoka kwenye boriti. Wanafunzi walikiita Mjomba, kwa sababu kilikuja kwa kishindo, ukadhani sasa unapewa kitu, halafu kikageuka kikaenda zake.

Kila mwaka marehemu alisimama kuegemea ukuta, akakishika Mjomba kwenye kidevu, akakiachia, akakingojea. Watoto walifumba macho. Yeye hakusogea. "Ukikiachia tu, hakiwezi kurudi mbali kuliko kilipoanzia," alisema. "Nishati ya kuzidi kitatoa wapi?" Wakamwita Mwalimu Kitatoa Wapi, na jina likamfuata mpaka sokoni.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na mshonaji wa mtaa wa pili. Walikutana siku fundi huyo alipohama, wanaume wanne wakashindwa kupandisha kabati lake la vitambaa kwenye pikapu. Marehemu alipita na ubao wake wa mteremko begani, akauegesha, kabati likapanda. Halafu akaanza kueleza kwa nini limepanda. Mshonaji akamuuliza, "Kaka, umekuja kunisaidia au kunifundisha?" Akajibu kwamba ubao ni mmoja, unafanya yote mawili. Walijaliwa binti mmoja.

Hapa familia iliombwa kwa upole kwamba wasifu upite haraka. Haupiti.

Tarehe 14 Septemba 2009 shule ilifungua maabara mpya, na mgeni rasmi alikuja kukata utepe. Rambirambi zake zimesomwa hapa muda mfupi uliopita, ni nzuri. Mkuu wa shule wa wakati ule alitaka mgeni aone kitu, akamwambia marehemu amlete Mjomba. Marehemu akasimama ukutani kama miaka yote. Mgeni akasema angependa kukiachia yeye mwenyewe. Marehemu akamwambia mbele ya darasa zima, "Mheshimiwa, uachie tu. Usiongeze kitu."

Mpiga picha alikuwa amejiandaa. Mgeni rasmi aliweka kiganja, akatabasamu, akakisukuma.

Chuma kilikwenda, kikarudi na chake pamoja na cha mgeni. Taya lilivunjika mahali pawili. Mkewe alimuuliza hospitalini, kama mkono aliuona, kwa nini hakukwepa. Alijibu kwa shida, kupitia bandeji, kwamba watoto walikuwa wanatazama.

Shule ilisema mwalimu alikosea kupima waya. Wanafunzi waliambiwa wafikirie mitihani yao kabla ya kusema wasiyoyajua. Mgeni alikuwa ameahidi shule tangi la maji, na tangi lilikuja, lipo mpaka leo. Marehemu alistaafishwa mwaka uliofuata, kwa kuwa maneno yake hayakusikika vizuri tena. Alipewa saa ya ukutani na chuma chake.

Taya hakulilalamikia. Kila muhula mpya alivaa shati la kazini, akaenda kumwomba mkuu wa shule ruhusa ya kurudia jaribio mara moja tu. Akaambiwa, mwalimu, tuyaache hayo. Naye alisema, "Wale watoto waliondoka wakijua kanuni imevunjika. Mimi niliwaambia haivunjiki. Sasa mwongo nani?"

Miaka miwili iliyopita alikuja mchomeleaji vyuma kutengeneza dirisha. Alikuwa mmoja wa darasa lile, aliyekaa mstari wa mbele. Alipoziona funguo mlangoni akaweka chini vyombo vyake. "Mwalimu," alisema, "tuliona mkono. Tukaambiwa hatukuona. Mwisho mimi nikaamini hivyo hivyo." Tangu siku ile ya maabara, mchomeleaji huyo hakuwahi kupita chini ya mzigo unaoning'inia. Marehemu alimkalisha, wakaachia funguo pamoja mpaka chai ikapoa.

Mwaka jana moyo wake ulipanuka, na daktari akamkataza kubeba kitu kizito. Ameacha mke, binti mmoja, dada yake mkubwa, na wajukuu watatu, mmoja wao ambaye shule ilimkatikia kidato cha kwanza, akafundishwa nishati na mwendo kwa funguo hizo hizo. Ameacha pia darasa zima la watu wazima sasa, baadhi wamekaa hapa. Mlichofundishwa kilikuwa kweli. Mlichoambiwa baadaye ndicho kilichokuwa uongo.

Mwezi uliopita shule ilipata mkuu mpya, mama mmoja kijana, naye alimkubalia. Kidato cha kwanza kingemngojea Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, saa tatu. Asubuhi hiyo marehemu aliachia funguo, akasema, "Bado iko," lakini hakukaa kunywa chai. Alimtia Mjomba kwenye begi. Mkewe alimwomba amngojee mchomeleaji ambebee, kwani alikuwa njiani. Marehemu alikataa.

"Mkono wa mtu hautakigusa tena," alisema.

"Basi kunywa chai kwanza, Mwalimu."

"Nifunikie. Nakuja."

Mkewe akafunika kikombe kwa kisahani. Marehemu alipachika begi begani, akainama kidogo kuzipisha funguo, kwa kuwa zilikuwa hazijatulia, akatoka. Alifika nusu ya kilima cha shule. Kidato cha kwanza kilimngojea mpaka saa nne, kisha kikapewa somo jingine.

Apumzike, pasipo mkono wa mtu wa kuongeza kitu.