Mama Perpétue Nyirarukundo na Mtoto Aliyewekwa Mikononi Mwake

Wapendwa wote mliopanda na sisi mpaka hapa, jamaa wa Jomba, jamaa wa marehemu Cyprien, majirani wa Katindo, wenzake wa depo la kahawa, sogeeni kidogo ili na walio nyuma wasikie. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake, Onésime Nsanzimana, na ndiye anayeyasoma. Sauti ikikatika mtamvumilia. Tangu Jumapili hajapata usingizi, na si kwa kilio peke yake. Kuna neno moja lililomkaa rohoni, neno lililomkaa dada yake kwa miaka saba, nanyi mtalisikia likifika mahali pake.

Mama Perpétue alizaliwa Jomba, upande wa Rutshuru, mwaka wa 1914, binti wa kwanza wa Ntirenganya na Mukamugema. Siku yenyewe hakuna aliyeishika. Padri aliyembatiza ndiye aliyempa tarehe 3 Mei, na yeye akaigombania maisha yake yote, hata ungedhani alikuwa macho siku hiyo akitazama kalenda. Baada yake walizaliwa watatu, na aliyebaki leo ni huyu anayesoma, ambaye alibebwa mgongoni na dada yake mpaka miguu ikawa inaburuta chini.

Alisoma kwa masista pale Jomba kuanzia mwaka wa 1924, akajifunza kusoma, kuhesabu na kushona. Masista walimpenda na walichoka naye. Kila akiambiwa jambo aliinua mkono: kwa nini? Kwa nini wasichana wanatoka darasani mapema? Kwa nini Mungu anajua kila kitu na bado tunamwambia? Sista mmoja akamtungia jina, Bibi Kwa Nini, na likamganda. Alitoka shule mwaka wa 1927 mama yake alipougua, akashika jembe na kuangalia wadogo zake. Jina lile alitoka nalo, na mdomo wenyewe pia.

Tarehe 20 Juni 1932 aliolewa na Cyprien Twagirayezu, fundi wa kujenga kwa mawe, mtu mpole asiye na maneno mengi. Ilikuwa lazima mmoja awe hivyo, la sivyo nyumba ingewaka! Mungu aliwapa Adalbert mwaka wa 1934, na Marie-Louise mwaka wa 1937. Mwaka wa 1938 Cyprien alipata kazi hapa Goma, wakajenga Katindo, juu ya mawe haya meusi ya volkano ambayo Mama Perpétue aliyatukana kila alipotaka kupanda maharage. Tarehe 8 Septemba 1949 homa ilimchukua Cyprien. Mjane hakukaa chini. Mwaka uliofuata akaingia kazi ya kuchambua kahawa kwenye depo, akakaa kwenye jamvi moja na wanawake wenzake, mikono ikitoa punje mbovu na mdomo ukiendelea na habari za mji. Mkono ulizoea hata ukisahaulika ulifanya kazi peke yake. Siku moja alipewa chakula ugenini Ndosho, watu wakashtukia amechambua maharage yaliyoiva, mabaya ameyapanga ukingoni mwa sahani, na mwenye nyumba amenuna.

Kwenye jamvi hilo, jirani yake wa mkono wa kushoto alikuwa msichana wa upande wa Butembo, jina lake Katungu, mwenye mtoto mdogo wa kike, Kanyere. Mumewe Katungu alikuwa ameenda kutafuta kazi migodini na habari zake zimekatika. Mwezi wa tatu mwaka wa 1951 Katungu alikuja Katindo, mtoto mkono mmoja na kifurushi mkono wa pili, nguo zimefungwa katika kitambaa cha kijani.

"Dada Perpétue, unishikie mutoto. Naenda kutafuta baba yake kule Kalima. Kisha mavuno nitarudi."

"Na usiporudi?"

"Nitarudi, dada. Kama ningetaka kumutupa, singemuleta kwako."

Akapanda lori la Sake, na mpaka leo hakuna aliyemwona. Kanyere alikuwa na miaka kama minne. Kifurushi Mama Perpétue alikitundika kwenye msumari, bado kimefungwa, maana kila siku alisema labda ni kesho. Hapo ndipo woga ulipoingia nyumba ile. Aliogopa Katungu asirudi, mtoto alie. Aliogopa Katungu arudi, alie yeye. Mlango ukigongwa, sufuria ilimwagika. Mara moja aliona mtu wa kofia ngumu ya Kizungu akipanda njia, akadhani ni mtu wa Leta, yaani wa Serikali, anakuja kumchukua mtoto, akamtia Kanyere ndani ya kapu kubwa la mtama na kukalia kifuniko. Mwenye kofia aliingia, akasalimu, akaomba maji. Kumbe ni katekista Cyrille, amepewa kofia kuukuu na bosi wake na anatembea kuionyesha! Kapu likapiga chafya. Katekista akafanya ishara ya msalaba, akaondoka bila kunywa maji.

Tukacheka sana. Yeye hakucheka.

Mwaka wa 1953 Kanyere alifikia umri wa shule. Mama Perpétue alimpeleka akaandikishwe, akaulizwa jina la baba na mahali mama alipo. Yule dada hakujua kusema uongo hata wa kujisaidia. Akajibu, "Baba simujui. Mama yake nangojea." Neno likatoka shuleni, likafika biro, ofisi ya Leta. Ndugu zangu, hapa nawaomba masikio, kwa sababu jambo hili ndilo lililotuleta mbele ya kaburi hili roho juu.

Sheria ya Leta inamjua mtoto aitwaye mtoto aliyeachwa. Ni yule ambaye wazazi wake hawajulikani walipo, wala hana jamaa wa kumjibia. Huyo Leta ndiyo baba yake, na Leta humpeleka kwenye nyumba ya watoto, mbali huko upande wa Bukavu. Na kama hakuachwa? Basi ni mtoto wa mama yake na wa ukoo wa mama yake, na anayekaa naye ni mlezi tu, hana sauti. Mama Perpétue aligeuza maneno hayo kichwani wiki nzima. Akisema Katungu alimwacha mtoto, gari la Leta linamchukua. Akisema hakumwacha, mtu yeyote wa Butembo anaweza kubisha hodi na kumdai. Huku shimo, huku shimo, na yeye katikati amemshika mtoto mkono. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inaanguka kwenye unga.

Walimwita kwenye tribinali ya wenyeji tarehe 14 Julai 1953. Mwamuzi alikuwa Muzee Hilaire, huyu aliyekaa pale kwenye kiti. Ajenti wa Leta alikuja, kijana Mzungu, na karani Honoré akitafsiri. Tusimseme vibaya kijana yule. Alikuwa ameona watoto wakilala chini ya meza za soko, na roho ilimuuma kweli. Alisema wanatafuta faida ya mtoto. Kule atapata kitanda chake, sabuni, daftari, na daktari wa kumtazama.

Mama Perpétue akainua mkono. Muzee Hilaire alishangaa, hakuna anayeinua mkono tribinalini.

"Kwa nini," akauliza, "faida ya mutoto inahesabiwa na vitu? Kitanda ni faida, sikatai. Sabuni ni faida. Lakini huyu mutoto anaota vibaya. Akiamuka anaita, na mimi naitika. Kule nani ataitika?"

Honoré akatafsiri. Kijana akasema kule kuna sista wa zamu.

"Sista moja, batoto wangapi?"

Muzee Hilaire akamuuliza sasa neno lenyewe, mtoto huyu aliachwa au hakuachwa. Onésime alikuwa nyuma, na alijua majibu yote mawili ni mabaya.

"Muzee, ule anaacha mutoto barabarani, amemutupa. Katungu alipita nyumba nyingi akakuja kwangu. Aliniweka mutoto mu mikono, na jina lake akanipatia. Mimi sikuokota kitu. Nilipewa kazi, na aliyenipa hajanifukuza."

Muzee Hilaire akaenda faragha na wenzake, wakakawia. Alipotoka alisema hivi, na leo yupo, anikosoe nikikosea: "Mutoto mwenye kuachwa ni ule asiye na ukoo wa kumutaja mbele ya batu. Huyu ametajwa hapa. Abakie kwa Mama Perpétue, wakati wote Mama Perpétue anamuweza. Siku atashindwa, tutaanza tena."

Siku ile alirudi nyumbani akiimba. Akashusha kifurushi kwenye msumari, akakifungua, na kitambaa cha kijani akakishona pazia la dirisha linalotazama njia. Alisema kitambaa kikiwa pazia hakiwezi kufunga safari ya mtu.

Lakini maneno yale ya mwisho, siku atashindwa, hayakumtoka. Kila Julai ilibidi ampeleke Kanyere tribinalini aonekane. Wiki nzima kabla yake alimjaza viazi vitamu mashavu yapate kuvimba, akamsugua mpaka mtoto analia kwamba ngozi itaisha. Kanyere alifaulu shule, akajifunza kushona, akawa anamwita Mama bila kuambiwa. Na Mama akaendelea kusikiliza mlango.

Ugonjwa ulimwanza mapema mwaka huu wa 1958, uvimbe ndani ya tumbo. Hakumwambia mtu. Julai alikwenda tribinalini amefunga kitenge kwa nguvu, amenyooka, akamsalimu Muzee Hilaire kwa kicheko, na njiani kurudi akakaa juu ya jiwe asiweze kuinuka. Marie-Louise alipompata, akamlilia, "Mama, kwa nini hukusema?" Akajibu, "Wangeandika nimeshindwa." Daktari wa hospitali alituambia angekuja mapema pengine ingekuwa vingine. Inauma. Inauma sana, na hatutaificha hapa. Alilazwa tarehe 22 Septemba, akapokea sakramenti, na Jumapili tarehe 9 Novemba 1958, baada ya misa ya kwanza, akatuacha. Neno lake la mwisho kwa mdogo wake lilikuwa swali, kama kawaida yake: "Na Kanyere, ni nani atamutaja?"

Jana Honoré alikuja matangani, akatoa pole, akasema kilichomleta. Mama Perpétue hayupo, hukumu imekwisha naye. Kama hapa kaburini hakuna ukoo utakaomtaja mtoto, kesho Jumatano gari litakuja. Tukakaa kikao. Nyumba ni ya watu wa Cyprien, na mkubwa wao ni Muzee Grégoire, kaka yake; hata Adalbert hawezi kusema kabla yake. Bila yeye, neno la Onésime ni la shemeji tu. Muzee Grégoire alisema mtoto si damu yao, si lugha yao, na siku moja watu wa Butembo watakuja na ugomvi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu mwenye nyumba inayomtosha. Kikao kikaisha bila jibu.

Asubuhi hii Onésime alikuwa akiandika karatasi hii, na chini ameacha pengo. Muzee Grégoire akaingia kuchukua viti. Akasimama. Dirisha la njiani lilikuwa wazi, halina pazia. Kanyere alikuwa amekaa kizingitini, amevaa viatu, na kwenye magoti yake kuna kifurushi cha kijani.

"Wewe, unaenda wapi?" Muzee akamuuliza.

"Sijui, babu. Nangojea wenye kunipeleka."

Muzee Grégoire hakuchukua viti. Alikuja mezani, macho yake mekundu, akauliza, "Ku mwisho umeandika namna gani?"

"Nimeacha nafasi, muzee."

"Jaza. Na ukisoma, mimi nitasimama."

Basi nasoma. Mama Perpétue Nyirarukundo ameacha mdogo wake Onésime, shemeji yake Grégoire, na wajukuu wawili kwa Adalbert. Ameacha watoto watatu: Adalbert, Marie-Louise, na Kanyere, aliyezaliwa na Katungu na kulelewa naye, mtoto wa nyumba ya Cyprien Twagirayezu.

Muzee Grégoire amesimama, mnamwona. Muzee Hilaire, umesikia. Honoré, ndugu yangu, umesikia, upeleke hivyo hivyo biro. Mwenye kupinga aseme sasa, kabla ya udongo.

Hakuna.

Kanyere, mama, toka huko nyuma ya wanawake. Pita, watakupisha. Kifurushi mpe babu yako Grégoire akushikie. Simama hapo kati ya Adalbert na Marie-Louise, uchukue udongo pamoja na ndugu zako, na tukishuka nyumbani utarudisha kitambaa dirishani kwa mkono wako mwenyewe.

Dada, ametajwa. Pumzika sasa kwa amani, na usisikilize tena mlango.