Mama Cleo na Bei za Muziki Mjini Gary

Marehemu mama yetu, Cleotha Ruth Venable, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Cleo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 huko Marianna, Arkansas, akiwa mtoto wa nne wa Bw. Ezell na Bi. Pearlie Gaines. Mwaka 1947 baba yake alipata kazi kwenye kiwanda cha chuma, familia ikahamia hapa Gary, Indiana. Alisoma Shule ya Roosevelt na kuhitimu mwaka 1956.

Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye duka la santuri barabara ya Broadway. Santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, iliuzwa senti themanini na tisa. Kila Ijumaa, siku ya mshahara, kijana mmoja wa kiwandani aliyeitwa Hosea Venable alikuja kununua moja. Alifanya hivyo mwaka mzima. Walipochumbiana, Cleotha alimtembelea chumbani kwake akakuta santuri zote zimepangwa, hazijaguswa.

"Hosea, gramafoni yako iko wapi?"

"Sina."

"Sasa hizi zote za nini?"

"Ningeingia dukani mikono mitupu, ungeniuliza nataka nini."

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 17 Juni 1961, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1964 mwenye duka alipostaafu, wao wakalinunua.

Mama aliuza kila kilichobeba muziki. Santuri kubwa zilianza chini ya dola nne, na kufikia mwaka 1980 zilikaribia tisa. Kanda zikafuata, kisha sidii zikaja na bei ya kutisha, dola kumi na sita na zaidi. Wakati huo kiwanda kilikuwa kimepunguza maelfu ya watu. Mama aliruhusu wateja walipe kidogo kidogo, akisema mtu aliyepoteza kazi ndiye anayehitaji wimbo kuliko wote.

Mtihani mkubwa ulikuja vuli ya 1996. Duka kubwa la friji na televisheni lilifunguliwa nje ya mji, likaanza kuuza sidii kwa dola tisa na senti tisini na tisa ili kuvuta watu. Sisi tulikuwa tunazinunua kwa jumla karibu dola kumi na moja. Wateja wakapungua, na mdogo wetu Yvette alikuwa bado chuo cha uuguzi. Jumamosi moja wazazi wetu walikwenda kujionea. Baba alisimama mbele ya rafu ya sidii, akavua kofia.

"Cleo, tufunge duka."

"Tufunge kwa nini? Nimepata muuzaji wa jumla mpya."

Alijaza kikapu albamu mpya ya injili. Kwenye malipo akaambiwa kila mteja haruhusiwi zaidi ya mbili. Mama akashukuru kwa adabu, akalipia mbili, akaondoka. Jumapili, ibada ilipokwisha, alirudi na kwaya nzima ya akina mama, na kofia zao za kanisani. Dada Odessa Crump alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Mama, leo kuna nini?" kijana wa malipo akauliza.

"Hakuna kitu, mwanangu. Sisi tunapenda kuimba tu."

Walifanya hivyo hadi Krismasi. Mama aliziuza Broadway kwa dola kumi na mbili, kwa watu wasio na gari la kufika kule. Duka likapona, na Yvette akamaliza chuo.

Baadaye muziki ukaanza kupatikana bure kwenye kompyuta, na duka lilifungwa tarehe 31 Agosti 2007. Santuri ambazo hakuna aliyezitaka hata kwa dola moja alizihifadhi ghorofa ya chini nyumbani. Miaka michache baadaye vijana wakaanza kuja kutoka Chicago, wakilipa dola thelathini kwa moja. "Hivi bei imepanda," alituuliza, "au akili za watu zimeshuka?" Lakini pesa alipokea.

Moyo wake ulianza kudhoofika Februari 2023. Akiwa hospitalini, mjukuu wake Kendra alimwekea nyimbo kwenye simu.

"Hizi wanauzaje?"

"Dola kumi na moja kwa mwezi, Bibi. Nyimbo zote unazozijua."

"Zote? Na aliyeimba, naye anakula nini?"

Kendra akaanza kulitafuta jibu kwenye simu. Mama akampapasa mkono. "Basi, ongeza sauti. Angalau tumsikilize vizuri."

Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023, sisi watoto tukiwa pembeni yake. Mumewe Hosea alimtangulia mwaka 2009. Ameacha watoto watatu: mimi Rosalind ninayewasomea, Thaddeus na Yvette, wajukuu watano, kitukuu mmoja, na dada yake, Bi. Lucille Gaines.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi na akina mama wa kwaya. Tunawashukuru pia ninyi wa Gary. Kila mmoja wenu aliyenunua kwa Mama wimbo ambao angeweza kuupata kwa bei nafuu kwingine, ajue kwamba alitulisha na kutusomesha.

Mama yetu apumzike kwa amani, tena amani tele.