Goti la Dionis na Miaka Ishirini na Tisa ya Ndugu Epifania

Tarehe 30 Juni 1978 Ndugu Epifania Havyarimana anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, ishirini na mitano hapa Kasulu na minne Kibondo. Nimeombwa niandike wasifu mfupi, wa kuchangamsha. Ufupi nitajaribu.

Alianza mwaka 1949 akiwa mhudumu wa wodi, kazi yake kufua mashuka na kupiga deki. Mwaka 1958 alipelekwa Tabora miezi sita kusomea mazoezi ya viungo, akarudi muuguzi msaidizi. Cheo hicho ndicho anachostaafu nacho. Waganga wanne vijana niliowaona wakijifunza kwake kurudisha bega lililoteguka wamepanda vyeo, na mmoja sasa yuko mkoani. Yeye kila mwaka aliambiwa cheti chake hakitoshi.

Alifundisha kwa vyombo vya jikoni. Alichukua bakuli na kisahani, akaweka chungwa katika kila kimoja. "Nyonga ni hili bakuli," alisema. "Chungwa limezama, halitoki ovyo. Bega ni kisahani. Mkono unazunguka utakavyo, lakini ukisukumwa vibaya, chungwa liko chini." Mpishi wetu, Zena, alilalamika kwa maandishi kuhusu visahani vyake. Barua ninayo masijala.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Agosti 1974, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, lori lililobeba kaya za upande wa Titye lilipinduka kwenye kona. Hakufa mtu. Mkulima mmoja, Dionis, alibanwa mguu chini ya kabati lake mwenyewe, goti likavimba. Picha ya eksirei iliyopigwa Kigoma ilionyesha mifupa mizima. Uvimbe ulipokwisha akapelekwa kuchimba misingi ya nyumba za kijiji kipya, na kila alipogeuka na jembe alianguka.

Ofisa mmoja wa operesheni ile akaona huo ni uvivu, tena uvivu wa kupinga amri. Alimleta hospitali akamtembeza ukumbini mbele yetu, na Dionis akatembea vizuri tu.

"Mfupa mzima, mtu mzima," ofisa alimwambia mganga mfawidhi. "Niandikie kwamba anaweza kazi. Akigoma tena, nitajua pa kumweka."

Mganga alikuwa ameshashika kalamu. Epifania alitoka wodini bila kuitwa, mikono bado ina maji.

"Goti linakufanyaje, baba?" alimuuliza Dionis.

"Nikienda moja kwa moja linanibeba, mama. Nikigeuka, linanihama."

Akamlaza kwenye benchi, akamkunja goti, akakalia ncha ya mguu wake ili usiteleze. Kisha akashika sehemu ya juu ya muundi kwa mikono miwili na kuuvuta kuelekea kwake. Mfupa ulikuja mbele kama droo ya meza. Akafanya vivyo hivyo kwa goti la pili, mfupa haukusogea.

"Goti si bawaba ya mlango," alisema, na sauti hakuipandisha. "Mifupa yake imekaliana juu kwa juu tu. Kinachoizuia isitelezeane ni kano zilizoifunga kwa ndani na pembeni, pamoja na misuli ya paja. Kano moja ya ndani imekatika. Picha inaonyesha mfupa, kano haionyeshi. Ndugu, weka mkono wako hapa, uone mwenyewe."

Ofisa alikataa kuweka mkono. Mganga aliuweka wake, kisha akairudisha kalamu mfukoni.

"Kuna mwingine hapa aliyeona hicho kinachosemwa?" ofisa aliuliza, akitukodolea macho mmoja mmoja.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye benchi. Nilikuwa nimeona mfupa ukija mbele, nikauona na wa pili umetulia. Niliinamisha kichwa kwenye daftari langu la wagonjwa. Wenzangu watano walifanya kama mimi.

Dionis alipona kwa kadiri goti kama lile linavyoweza kupona. Epifania alimfanyisha mazoezi miezi saba, mfuko wa mchanga ukifungwa kifundoni, ili misuli ya nyuma ya paja ishike zamu ya kano iliyokatika. Leo analima na kubeba mzigo wa mihogo. Ngoma hachezi.

Yale mazoezi Epifania hakuyamaliza Kasulu. Siku kumi na tatu baada ya ile asubuhi ilikuja barua ya kumhamishia zahanati moja ya Kibondo, "kwa maslahi ya umma". Maslahi ya umma gani yanayomwondoa hospitalini mtu pekee anayejua goti? Dionis alipanda malori akamfuata huko mara mbili kila mwezi, kwa mguu ule ule uliodaiwa kuwa wa mvivu. Niliandika barua mbili kuomba arudishwe. Niliziandika mwaka 1976, hatari ilipokuwa imepita, kwa hiyo sizihesabu.

Huko Kibondo alifungua chumba cha mazoezi katika ghala la zamani la pamba ya kufungia vidonda. Waliopita humo ni wengi, wenyeji na wakimbizi waliovuka mpaka mwaka 1972. Hakuna taarifa ya mwaka iliyowahi kukitaja chumba hicho. Ninakitaja mimi.

Ndugu Epifania, ofisi haijakuomba radhi, na sioni dalili kwamba itaomba. Mimi ninaomba. Niliona, nikanyamaza, nawe ukahamishwa peke yako. Ahsante kwa kila bega na kila nyonga uliyoirudisha mahali pake. Uende nyumbani salama, ulime kwa raha, uwaone wajukuu wakikua, na asiwepo wa kukuhamisha tena.

Tamimu Saidi
Karani wa masijala, Kasulu