Ndugu Erwin Dammeyer na Kaburi la Novemba

Tarehe 30 Novemba 1987, Ndugu Erwin Dammeyer atakabidhi funguo za Kanisa la Methodisti la Salemi, hapa Willow Prairie, baada ya miaka thelathini na tisa ya kuwa mtunza kanisa, mpiga kengele na mchimba makaburi wetu. Baraza limenipa mimi, Lorene Hespe wa jikoni, niandike habari zake. Shule yangu ilikuwa fupi, lakini kahawa ya Erwin nimeipika mimi karibu miaka yote hiyo, na mtu unayempikia kahawa unamjua.

Erwin ni mrefu kuliko mlango wa ghala la makaa, na kovu la kipaji cha uso wake linathibitisha. Hasemi sana. Wakati wa mahubiri hukaa chini ya sakafu, karibu na tanuri la kupasha joto, eti analichunga. Jumapili moja mkoromo wake ulipanda kupitia matundu ya sakafuni hadi mimbarini, na mgeni mmoja kutoka mjini akauliza kwa sauti ya chini kama kanisa letu lilijengwa juu ya makaburi. Tulicheka hadi kwenye soseji na kabichi chachu za mchana. Erwin hakucheka. Alisema makaburi yetu hayakoromi, anayajua yote.

Anayajua kweli, na hapo inanibidi nirudi nyuma kidogo. Babu zetu walipokuja kutoka Hanova, ng'ambo ya bahari, na kujenga kanisa la magogo hapa, baridi ya kwanza ilimchukua mtoto wa kina Kruse. Ardhi ilikuwa ngumu kama chuma, haikupasuka. Baba yake akamlaza juu ya boriti za ghala la ngano mpaka barafu ilipoyeyuka, na mama yake alikuwa akipanda ngazi kila siku kumpa habari za nyumbani. Majirani walisema kuna siku walimsikia akinyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza jibu.

Baada ya kumzika, waanzilishi waliapa kwamba hakuna maiti wa Salemi atakayesubiri tena. Kwa kuwa hapa tunazikwa kwa mstari, kila mtu pembeni ya aliyemtangulia, bila kuangalia ukoo, kaburi linalofuata linajulikana liko wapi. Basi kila Novemba, kabla ardhi haijaganda, linachimbwa moja la akiba, linafunikwa kwa mbao na nyasi kavu. Likishachimbwa haliguswi mpaka apatikane mwenyewe. Lugha ya ibada tuliibadilisha, upande wa wanaume na wa wanawake kanisani tukauchanganya, lakini kaburi la Novemba halikuachwa. Na kila mwaka, ila mmoja tu, kabla theluji haijaisha lilikuwa limepata mwenyewe.

Erwin alilichimba kwa unadhifu ambao hata wahandisi wa barabara walikuja kuutazama. Ila Novemba ya mwaka 1961 alilichimba fupi.

Hapakuwa na jiwe wala mzizi. Alipoulizwa alisema mikono yake ilisimama yenyewe, na alipotazama, kazi ilikuwa imekwisha. Mchungaji wetu wa wakati ule alihubiri dhidi ya ushirikina, kisha baada ya ibada tukamwona akienda kuchungulia chini ya mbao. Kina mama tukaanza kuwaacha watoto nyumbani tunapokuja kanisani. Ukikutana na mwenzio dukani, macho yake yanamshukia mtoto wako utosini, halafu miguuni, halafu anakuuliza bei ya sukari.

Januari, Marlys wangu akashikwa na nimonia. Alikuwa na miaka sita. Tufani ya theluji ilifunga barabara na daktari hakuweza kufika. Siku ya tatu mtoto hakunitambua tena. Mume wangu Verlin akatoka kwa miguu kumfuata mchungaji, na njia inapita makaburini. Akamkuta Erwin ndani ya lile shimo, mchana kweupe, anapasua ardhi iliyoganda kwa sururu.

Verlin akamwambia kwamba kaburi haliguswi, na Erwin mwenyewe anajua. Erwin hakuinua kichwa.

“Rudi kwa mtoto wako, Verlin. Hili nalipima kwa urefu wangu.”

Kisha akajilaza humo chali, akafumba macho, akakaa hivyo. Alipoomba avutwe juu, Verlin alikishika kiganja chake, kikawa cha moto kama cha mtu mwenye homa, katika baridi ile. Mume wangu alirudi bila mchungaji. Asubuhi Marlys aliniomba mkate na asali.

Erwin hakuugua. Ila tangu siku ile hajavaa glovu, hata Januari. Mwaka ule hakufa mtu Salemi. Majira ya kuchipua yalipofika, Erwin aliweka mbao mpya juu ya shimo lake, akasogea pembeni kuendelea na mstari. Kila Novemba hubadilisha nyasi.

Kuanzia mwaka huu baraza limekodi watu wenye mashine inayopasua barafu, kwa hiyo kaburi la Novemba halitachimbwa tena. Katika kikao cha Oktoba ikaletwa hoja kwamba, kama zawadi ya kustaafu, waumini wote tulifukie lile shimo la Erwin, halafu tule keki. Marlys, ambaye sasa ana watoto wawili, alisimama kumsaidia mzee akubali.

“Mjomba Erwin, tulifukie tu. Mimi nilishapona zamani.”

Erwin alizungusha kofia yake mikononi.

“Ulipona likiwa wazi, mwanangu. Likifungwa, sijui.”

Mwenyekiti akaomba wanaokubali hoja wanyooshe mikono. Mkono wa mchungaji ulianza kupanda, ukaishia kukuna sikio. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba aliyemponya mwanangu ni Mungu, na ndivyo ninavyowafundisha watoto kila Jumapili. Lakini mikono yangu yote miwili ilibaki mapajani. Hoja ikaanguka bila hata mkono mmoja.

Asante, Ndugu Erwin, kwa kengele, kwa moto wa asubuhi, na kwa kila mpendwa wetu uliyemlaza vizuri. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na miaka mingi ya kukaa tu bila kazi. Usiwe na haraka yoyote. Shimo lako limezoea kusubiri, na sisi tutalibadilishia nyasi.