Bi. Ghati Mwikwabe na Darubini ya Sita

Bi. Ghati Mwikwabe, mtunza ghala wa kampuni yetu ya uwindaji wa kitalii hapa Bunda, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Msimu wa uwindaji unafunguliwa kesho yake. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1994, wasoma nyayo watapokea darubini zao kutoka mkononi mwa mtu mwingine, na wamekwisha kuanza kulalamika.

Alizaliwa Butiama katika nyumba ya mfugaji. Alipokuja kuomba kazi hakuwa amewahi kushika darubini, lakini alikuwa amechunga ng'ombe, na alijua jinsi ndama mweusi anavyotoweka kivulini jua linapozama.

Darubini za kampuni alizinunua mwenyewe Musoma, katika duka la Bw. Alawi lililoko Nyakato. Za bei ya juu kabisa aliziacha, na za bei ya chini kabisa aliziacha pia. Kila darubini huandikwa namba mbili, ya ukuzaji na ya upana wa kioo cha mbele kwa milimita; aligawanya ya pili kwa ya kwanza: darubini ya 8 kwa 42 hutoa zaidi ya tano, ya 20 kwa 50 hutoa mbili na nusu. Jawabu lisipofika nne aliirudisha rafuni, kwa kuwa darubini hiyo alfajiri haioni. Kisha aliitikisa karibu na sikio, asikie kama kuna kilicholegea. Mwisho aliifunga katika mfuko na kuifukia kwenye barafu ya wauza samaki kwa nusu saa, halafu akaitoa juani. Ukungu wa nje aliufuta. Ukungu wa ndani ya vioo ukionekana, hakuitaka hata bure.

"Mama Ghati, leo unanunua darubini au sangara?" Bw. Alawi alimtania mbele ya wateja.

"Sangara mbovu namnusaga hapa hapa," alijibu. "Darubini mbovu ataijua Nathan, akiwa porini."

Nathan ni Bw. Nathan Jilala, msoma nyayo wetu mkongwe, na maneno hayo yalikaribia kutimia.

Mwezi Agosti 2014, mkuu wa ununuzi, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu, aliagiza darubini kumi na mbili za 20 kwa 50 bila kumshirikisha mtunza ghala. Zilikuwa kubwa, zilimetameta, na bei yake ilikuwa nusu ya zile za zamani. Alizijaribu dirishani saa sita mchana, akasoma bango la kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara, akaridhika. Akaamuru zile za zamani, sita kwa idadi, zifungiwe kabatini zikisubiri mnada.

Bi. Ghati alikataa kusaini hati ya kupokea mali.

"Mzee, hizi sipokei," alisema. "Saa sita mchana hata bila darubini naonaga."

Tarehe 11 Agosti mkuu wa ununuzi alimwandikia barua ya onyo: akikaidi tena, ataachishwa kazi. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na watoto wawili walikuwa sekondari. Alisaini, akazigawa darubini mpya kama alivyoagizwa.

Siku tisa baadaye mkuu wa ununuzi alifungua kabati asubuhi na mapema, akahesabu darubini za zamani, akakuta tano. Alimwita Bi. Ghati, naye hakujitetea.

"Ya sita anayo Nathan. Nimempa mimi. Yeye hana kosa."

Barua ya kumwachisha kazi ilianza kuchapwa.

Alfajiri hiyo hiyo, porini katika kitalu chetu cha uwindaji, Nathan alikuwa akifuata damu ya nyati aliyejeruhiwa jioni iliyotangulia. Nyuma yake walikuwapo mwindaji bingwa na mgeni wake. Nyati aliyejeruhiwa haachwi; lazima atafutwe mpaka apatikane. Jua lilikuwa halijatoka walipoona kitu cheusi chini ya kichaka, kiasi cha hatua themanini. Mwindaji bingwa alitazama kwa darubini mpya. Picha ilitetemeka na kujaa giza. Aliona bonge jeusi lisilosogea.

"Amekufa," alinong'ona. "Twende."

Nathan alimshika mkono. Alitoa ndani ya koti ile darubini ya zamani, akatazama. Aliona sikio likipepea. Kisha aliona jicho, nalo lilikuwa linawatazama wao.

"Bosi, mfu hafukuzagi inzi."

Walirudi kinyumenyume hadi kwenye kichuguu, wakapanda, bunduki zikiwa tayari. Nyati akaja. Alianguka hatua kumi na mbili kutoka miguuni mwao.

Habari zilifika Bunda kwa redio ya mawasiliano saa tatu. Barua iliyokuwa ikichapwa ilichanwa, na darubini kumi na mbili zilirudishwa kwa aliyeziuza. Lakini barua ya onyo ilibaki jaladani. Mara mbili jina la Bi. Ghati lilipendekezwa kwa tuzo ya mfanyakazi bora, na mara mbili lilikwama kwa sababu ya barua hiyo. Yeye hakulalamika. Aliyeiandika angeweza kuifuta siku yoyote ya kazi kwa karibu miaka kumi na mmoja. Hakuifuta.

Wafanyakazi wamemnunulia Bi. Ghati darubini ya 8 kwa 42 ya kuchungia ng'ombe wake wanne huko Butiama. Imekwisha kulala kwenye barafu ya sangara, Bw. Alawi ni shahidi.

Na kwa idhini ya meneja, barua ya tarehe 11 Agosti 2014 imetolewa jaladani leo, na wasifu huu umewekwa mahali pake.

Ahsante, Bi. Ghati. Ng'ombe wako warudi zizini wote kila jioni, na wewe uwe wa kwanza kuwaona.

Muzamil Amini
Mkuu wa Ununuzi