Vidonge Nilivyomficha Mganga

Wapendwa, jina la Bwana libarikiwe! Mimi ni mama Neema wa Mlola. Mmezoea kuniona kwenye kwaya, lakini leo siimbi, nashuhudia.

Ndugu zangu, jino liliniuma siku tano. Mume wangu akasema, "Twende Lushoto waling'oe." Nikagoma! Naogopa koleo kuliko nyoka. Nikameza paracetamol mbili. Saa moja haijapita, mbili tena. Nikaongeza dawa ya mafua, na vidonge vya maumivu ya mwili alivyonipa jirani, hivyo hivyo kila siku. Nilidhani za dukani hazidhuru mtu.

Siku ya tano, napalilia kabichi, nikatapika hadi nikakaa chini kwenye tuta. Chini ya mbavu za kulia panauma.

Mume wangu akanipeleka zahanati, na mganga kijana akanisalimia, "Shikamoo mama. Umetumia dawa gani?"

"Marahaba. Vidonge viwili tu, mwanangu."

Ndugu zangu, nilidanganya! Niliona aibu. Akasema, "Mama, sikugombezi. Niambie kweli nikusaidie."

Roho ikanichoma. Nikafungua pindo la khanga, nikamwaga pakiti zote mezani. Akazisoma moja moja. "Majina matatu, mama, lakini zote zina paracetamol ndani. Umezidisha mno. Ini lako liko hatarini, hakuna kusubiri!"

Siku ile ile nilikuwa kitandani hospitali ya Lushoto, dripu ya kuokoa ini mkononi. Mume wangu aliomba hadi sauti ikamkauka. Siku ya tatu daktari akasema, "Ini linapona." Haleluya! Na lile jino? Liling'olewa kwa dakika chache, baada ya ganzi sikusikia kitu!

Muuguzi alinifundisha: mtu mzima, au kijana wa miaka kumi na sita na kuendelea, ni kidonge kimoja au viwili vya miligramu mia tano, kisha angoje masaa manne hadi sita. Visizidi vinane kwa siku nzima, usiku na mchana. Walio wadogo zaidi, wanywaji pombe na wenye ugonjwa wa ini wamuulize mganga kwanza. Soma kilichomo ndani ya kila pakiti, usichanganye zenye paracetamol. Ukizidisha, kimbilia hospitali hata kama hujisikii vibaya.

Namshukuru Mungu, na yule kijana aliyeniuliza mara ya pili. Ndugu yangu unayeugulia kimya, mtumaini Bwana, uende ukaseme kweli yote. Mimi niliisema, na leo nipo hai mbele yenu!